Nyani na Kiporo cha Arusi

"Paukwa?"
"Pakawa."
"Pakawa chungu, chungu na mwiko wake. Niseme?"
"Sema, tumekaa."

Hapo kale Nyani alijipa cheo cha mwonjaji. Ilikuwa ada ya kijiji: chungu kionjwe na mmoja kabla ya wote, kuondoa shaka ya sumu. Kuonja ni tone kiganjani, sivyo? Nyani alionja mpaka ukoko. Hakuna aliyemuuliza kwa haki gani, maana alikuwa na meno.

Asubuhi moja, siku ya pili ya arusi ya Kobe, Nyani akafika jikoni kwa Bi Nguchiro, puu, akaketi. Watoto watano wa Nguchiro hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana. Mekoni palikuwa na kunde zikitokota, toko-toko-toko. Pembeni palikuwa na kiporo cha pilau ya arusi, wazi, nzi juu yake vuuu.

"Shikamoo, mjomba. Onja kunde, zi moto. Pilau usiiguse, imelala wazi. Itakuendesha."

Nyani akakunja uso. Tangu lini mdogo akakupa cha moto na kukukataza nyama?

"Hiyo pilau utaila lini?"

"Siili. Naenda kuimwaga."

Kumwaga mapande yale! Nyani akazidi kushuku. "Na kunde umetia nini?"

"Chumvi."

"Chumvi tu?"

"Chumvi tu, mjomba."

"Basi wape wanao kwanza, tuone kama watafika adhuhuri."

Nguchiro hakubisha. Watoto wakala, kwapu-kwapu, mpaka chungu kikang'aa. Nyani naye akala pilau yote, jicho kwa watoto, akingoja waanguke. Hawakuanguka.

Jua lilipoinama, tumbo la Nyani likasema nguru-nguru. Akakimbilia kichakani, akarudi. Akakimbilia, akarudi. Akatapika, akakimbilia. Homa ikampanda, meno yakagongana, midomo ikakauka kama gamba.

Nguchiro akamletea kata ya maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo. "Kunywa, mjomba. Mwili umekauka."

"Onja wewe kwanza."

Nguchiro akaonja. Akaonja, akaonja, kata ikafika nusu.

"Taratibu, mwanangu," Nyani akanong'ona.

"Ni ada, mjomba."

Nyani akamnyang'anya kata, akanywa bila kuuliza.

Hadithi imekwisha, nami nanawa mikono. Funzo lake, wenzangu: wakubwa hawakosei kamwe. Mkubwa akikataa chakula cha moto, msimbishie.