Nguchiro na Changamoto ya Lishe

Nguruuu!

Sauti moja tu, ndani ya giza, nyumbani kwa Bi Nyati. Haikuwa radi, haikuwa simba. Ilitoka tumboni mwa binti yake, Mashavu.

Haya yalitokea zamani, wanangu, zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, wakilima mtama pamoja na kuuweka katika ghala moja.

"Mama," aliuliza Mashavu, "nani huyo ananguruma tumboni mwangu?"

Bi Nyati alimfunika shuka. Jina la mngurumaji huyo alilijua. Bonde zima lililijua. Lakini Mashavu hakuwahi kulisikia, maana lilipigwa marufuku kabla hajajua kusema.

"Ni changamoto, mwanangu," alisema. "Lala."

"Changamoto inakula nini, Mama?"

Bi Nyati aligeukia ukutani.

Nani alilipiga marufuku? Nguchiro! Alikuja bondeni mwaka wa mavuno mengi, mwembamba kama ufito, tai nyekundu shingoni, mkia juu juu. Akawakusanya wakubwa wote mbele ya ghala.

"Ndugu wadau!" alisema. "Mtama mnao. Je, dira mnayo? Mpango mkakati mnao? Huu mtama wenu ni endelevu?"

Mzee Tembo, mwenyekiti, alijikuna sikio. Bwana Kiboko akamtazama Tembo. Hakuna aliyejua mtama endelevu unafananaje, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hajui.

"Tulikuwa tunalifikiria," alisema Tembo kwa sauti nzito.

"Basi nimekuja kuwajengea uwezo! Nipeni ufunguo wa ghala. Na lile neno la kizamani, lile la tumbo tupu, lisitajwe tena. Linawakimbiza wafadhili. Sasa tutasema changamoto ya lishe. Atakayelitaja lile neno, mgao wake unakatwa, yeye na wanawe. Haya, makofi ya kilo kwa mwenyekiti!"

Pa! Pa! Pa!

Tangu siku hiyo mgao ulipungua. Debe likawa kibaba, kibaba kikawa konzi. Magunia yakawa yanatoka ghalani kwenda kwa wafadhili, ng'ambo ya kilima, ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Nguchiro aliliita jambo hilo kuwekeza. Na watoto wake walipita kila dirisha, masikio wima, kusikiliza nani anasema nini.

Basi, kulipokucha baada ya usiku ule wa mngurumo, Bi Nyati alikwenda mkutanoni amekaza moyo.

"Naomba kuuliza," alisema. "Mtoto wangu hakulala. Konzi moja ya mtama haimtoshi. Sasa yale magunia..."

"Swali zuri sana!" Nguchiro aliruka, hopu, juu ya kiti. "Bi Nyati ameibua suala mtambuka. Tumelipokea, lipo kwenye mchakato. Makofi ya kilo kwa Bi Nyati!"

Pa! Pa! Pa!

"Lakini sijajibiwa."

"Tunathamini mrejesho wako! Makofi tena!"

Pa! Pa! Pa!

Swali lake lilizama katika makofi kama jiwe katika tope. Akaketi. Kiboko akamwinamia.

"Umeelewa, Bi Nyati?"

"Hata chembe. Wewe je?"

"Mimi? Aka! Mimi nimeelewa yote," alisema Kiboko, ngozi yake kubwa ikining'inia kama shuka kwenye kamba. "Ni mambo ya... mchakato."

Nguchiro akanyoosha tai yake. "Ndugu wadau, mradi umefikia tamati kwa mafanikio makubwa. Leo naelekea bonde jingine. Nibebeeni vitendea kazi vyangu. Tukifika ng'ambo ya kilima nitamkabidhi mwenyekiti ufunguo. Atakayeleta fujo njiani, mgao wake nimeukata!"

Vitendea kazi vilikuwa magunia, yameshonwa midomo. Tembo alitwishwa mlima mzima. Kiboko naye akapewa lake, Bi Nyati lake, likamlemea mgongoni. Walipanda kilima wakiimba wimbo wa kuagana, Nguchiro mbele anacheza, tai inapepea.

Chwaa, chwaa. Kila Bi Nyati alipopiga hatua, kitu kilitiririka ndani ya gunia. Harufu kavu, tamu, ikampanda puani. Akaongeza hatua hadi ubavuni mwa Tembo.

"Mzee Tembo," alinong'ona, "huu ni mtama."

Tembo hakugeuka. "Najua, dada. Nimejua tangu waliponitwisha."

"Mbona unabeba, basi?"

"Nimepiga makofi miaka yote hii," alisema Tembo. "Mwenyekiti mzima. Nitaanzia wapi leo kusema sikuwahi kuelewa hata neno moja? Beba tu. Pengine ametubakizia kidogo."

Bi Nyati aliwaza kulitupa gunia lile bondeni. Akaiwaza konzi ya Mashavu. Akafunga mdomo, akabeba.

Ng'ambo ya kilima, wafadhili walikuwa wanangoja: mke wa Nguchiro, wajomba zake, shangazi zake, vitambi kama vibuyu. Swiii! Waliyaburuta magunia mashimoni, moja baada ya jingine. Ufunguo ukarushwa nje, ukaanguka miguuni pa Tembo.

"Asanteni kwa ushirikiano!" sauti ya Nguchiro ilitoka ardhini. "Kwi kwi kwi!"

Tembo aliinama kulitazama shimo. Mkonga wake haukulifikia hata gunia moja.

Walirudi bondeni. Tembo akafungua ghala. Ndani kulikuwa na buibui na upepo. Kiboko alikaa chini pale pale mlangoni, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Wanangu, jambo unaloogopa kulitaja kwa jina lake huendelea kukutafuna.

Bi Nyati alipofika nyumbani, Mashavu hakuinua kichwa.

"Mama, changamoto imerudi. Leo ni kubwa."

Bi Nyati alikilaza kichwa cha mtoto mapajani. Hapakuwa na mgao tena wa kukatwa.

"Si changamoto," alisema.

"Ni nani basi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Hakulitazama.

"Ni njaa, mwanangu. Inaitwa njaa."