Kwa Nini Mama wa Mateso Anakaa Mkekani

Kulikuwa na miaka ambayo Mama wa Mateso wa kigango chetu hakukaa hapa chini mnapomwona. Alikaa kule juu, karibu na kenchi, kwenye ubao mnene uliopigiliwa ukutani. Mashimo ya misumari bado yapo. Tazameni juu ya dirisha la pili. Wazee waliojenga kanisa hili walimweka huko kwa heshima. Walisema Mama wa Mungu hawezi kukaa mahali ambapo mbuzi akiingia anaweza kumlamba.

Basi akakaa juu. Alichongwa kwa mti wa mninga, amempakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani, amemwinamia. Lakini ubao ulikuwa mpana na watu walikuwa chini. Aliyepiga magoti aliona mkono mmoja wa Mwana ukining'inia na pindo la vazi la mama yake, basi. Watoto walibatizwa chini ya mkono ule, wakakua, wakafunga ndoa, na hakuna aliyewahi kuuona uso. Wala hakuna aliyejua kwamba hajauona. Kila mtu alikuwa amejichorea uso wa Mama kichwani mwake.

Siku hizo aliishi hapa mama aitwaye Leokadia. Alikuwa na mtoto mmoja, Mektilda, wa miaka sita. Homa ilimshika mtoto Jumamosi, Jumatano wakamzika. Leokadia hakulia. Alimwosha mwanawe mwenyewe, akamvika, akafuata jeneza mpaka kaburini, akarudi akaketi mkekani na wafiwa wenzake, macho makavu. Wanawake walimwimbia ili machozi yafunguke, yakakataa kuja. Walimpa uji, akaushika mpaka ukapoa.

Mnawajua watu. Siku ya kwanza walisema ni mshtuko. Siku ya tatu wakaanza kunong'ona. Wifi yake Perpetua, dada ya mumewe, alikuwa amempenda sana yule mtoto, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Yeye ndiye aliyesema waziwazi kwamba mama asiyelia anajua kilichomuua mwanawe. Ukoo wakakubaliana: matanga yakiisha, Leokadia afungashiwe vitu vyake, arudishwe kwao. Mumewe aliinamisha kichwa.

Leokadia mwenyewe aliogopa jambo kubwa zaidi. Aliogopa kwamba wanasema kweli, kwamba moyo wake si moyo wa mama.

Jumapili ile Padre alikuja kusoma Misa, maana alifika mara moja kwa mwezi. Misa ilipokwisha, kabla watu hawajatoka, Leokadia alimwendea katekista, Mwalimu Anselmi.

"Mwalimu, yule mama kule juu, analia?"

"Analia, mama. Si Mwanawe kafa?"

"Umemwona?"

Mwalimu Anselmi aliinua macho kwenye ubao. Bibi Genoveva, mkubwa kuliko wote, akamsaidia. Alisema machozi yanamfika kifuani. Mama mwingine akasema hapana, ana kitambaa, anajifuta.

"Kitambaa atakishika kwa mkono gani?" Bibi Genoveva akamuuliza. "Yote miwili imembeba Mwana."

"Na wewe hiyo mikono miwili umeiona wapi, bibi?"

Wakabishana hivyo, kila mmoja na Mama wake. Mwisho Perpetua akasema kwa ile sauti yake iliyokauka, "Mshusheni, basi. Wifi yangu aone mama anavyolia, ajifunze."

Mwalimu Anselmi alikataa. Alisema sanamu imebarikiwa, si kabati la kuhamishwa-hamishwa, na ikianguka nani atajibu? Padre alikuwa anakunja mavazi ya Misa. Akasema polepole, "Mwalimu, mti huu hatuuabudu. Tumeuweka ili tukiutazama tumkumbuke mwenyewe aliye mbinguni. Kama hatumwoni, tumeweka nini pale?" Akaagiza ngazi na kamba.

Wanaume wanne walimshusha, wakamweka sakafuni. Uso ulikuwa umefunikwa na vumbi na utando wa buibui. Perpetua alivua khanga ya juu, akaanza kufuta. Alifuta paji la uso, akafuta macho, akafuta shavu la kulia, akarudia. Akapitisha kidole taratibu chini ya jicho, akitafuta hata tone moja lililochongwa. Akahamia shavu la kushoto. Watu walikuwa wamesogea karibu.

Hapakuwa na chozi. Macho yalikuwa wazi na makavu, yanamtazama Mwana, na mdomo ulifunguka kidogo, kama wa mtu aliyeitwa akashindwa kuitika.

Perpetua alibaki na khanga mkononi. Alimtazama yule wa mti, kisha akamtazama wifi yake, kisha akaangalia chini. Leokadia aliketi sakafuni ubavuni pa sanamu, akautazama ule uso muda mrefu. Halafu akasema ana njaa. Tangu Jumatano hakuwa ametia kitu kinywani.

Perpetua ndiye aliyekwenda kuleta uji, na kwapani akaja na mkeka. Alikuta wanaume wanafunga kamba tena.

"Mnampeleka wapi?"

"Mahali pake, juu."

"Huyu amefiwa. Mfiwa tangu lini akakaa juu?"

Akatandika mkeka. Mwalimu Anselmi alimtazama Padre, na Padre akaifungua kamba.

Leokadia hakurudishwa kwao. Ukoo walipokutana kumaliza matanga, Perpetua alisimama akasema amekosa, akamwomba wifi yake msamaha mbele ya wote. Siku Leokadia alipolia, kama alilia, hakuna aliyekuwepo.

Na tangu siku hiyo Mama wa Mateso wa kigango chetu anakaa chini, juu ya mkeka ambao wanawake husuka mpya kila Kwaresima. Mfiwa akitoka makaburini huja kwanza hapa, akakaa naye. Anayeweza kulia hulia. Asiyeweza hukaa tu, wala hakuna anayemchungulia usoni.

Mimi nimekaa hapa tangu Alhamisi, tulipomzika mzee wangu. Bado sijalia. Sogeeni, wanangu, mkeka una nafasi.