Kipande cha Mkubwa wa Ukoo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mikeka yao na misiba yao kama sisi, alikuwako mjane mmoja jina lake Mwanamize. Alikuwa pimbi, mnyama mdogo asiyefika magotini mwenu. Ndiyo, wewe uliye nyuma, hata magoti yako. Basi kaa sawa usikilize, maana kisa hiki si cha kucheka sana.

Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne na nyumba ya mawe kwenye mwanya wa jabali. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, lakini uani palikuwa na chemchemi isiyokauka hata mwaka wa njaa. Kando ya chemchemi hiyo ndipo alipozikwa mumewe. Mwanamize akakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hajipambi, na kila alfajiri aliyasikia maji yale akasema moyoni, "Angalau tuna haya."

Lakini chemchemi hiyo ilikuwa na macho mengine. Wakubwa watatu wa ukoo wa mume, Tembo, Kiboko na Kifaru, walikuwa wakiitamani tangu zamani. Msiniulize Pimbi alipataje ndugu wakubwa namna hiyo. Mimi mwenyewe nilihadithiwa hivyo. Walitaka kulivunja jabali, maji yawe dimbwi lao la kugaagaa, na mjane arudi kwao na nguo zake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mjane akitoka eda, ukoo hukusanyika kwake. Kwanza huliwa pilau, na wakati wa pilau hakuna kudai kitu. Kisha mjane mwenyewe hukaribisha watu kwenye meza ya vitamutamu, maana machungu yamekwisha. Mkubwa anayekula kitamu chake amemwachia alichoachiwa na mumewe, hana neno tena. Asiyekula, dai lake limesimama, na mjane hana wa kumtetea.

Siku tatu kabla ya shughuli, somo yake Mwanamize, Bi Kindi, alikuja mbio akihema. Alikuwa juu ya mti kando ya mto, na wakubwa watatu walikuwa chini yake wakioga.

"Somo, wamekula kiapo," alisema. "Nimewasikia kwa masikio yangu haya. Pilau watakula, lakini mezani kwako hawatagusa hata punje ya sukari. Wakishanawa mikono tu, wanadai nyumba."

Mwanamize aligeuka akaliangalia kaburi. Halafu akauliza, "Walikuwa wanaelewana?"

"Waelewane wapi! Tembo kataka kuoga upande wa juu, eti yeye ndiye mkubwa. Kiboko kakataa, kasema mkubwa ni yeye. Kifaru kawaambia wote wawili ni watoto kwake. Kidogo tu wapigane, kwa maji ya kuogea. Kwenye kiapo ndipo walipopatana."

Mwanamize alifuta machozi, akainuka. "Basi nisaidie kutwanga iliki," akasema.

Wakafanya kazi siku mbili. Wakakaanga visheti na kaimati, wakakata kashata za nazi, wakachoma vitumbua hadi macho yakawawasha kwa moshi. Asubuhi ya shughuli wakatandika meza kwa kitambaa cheupe, na kila sahani wakaifunika kawa. Katikati, juu ya kigoda, Mwanamize akaweka mkate wa sinia mmoja tu, mnene, umeiva vizuri, una zabibu kavu juu. Huo hakuufunika.

"Mbona mmoja?" Bi Kindi aliuliza. "Wakubwa ni watatu."

"Ndiyo maana," Mwanamize akajibu. Hakuwa na hila ya pili.

Ukoo ukaja. Wadogo walikuja wakinong'ona, wakubwa walikuja ti! ti! ti! mpaka sufuria zikacheza jikoni. Wakasoma dua kaburini, wakaketi uani, wakala pilau. Kifaru aliomba hata ukoko, akautafuna krau, krau, mpaka ukaisha. Birika likapitishwa, mikono ikanawishwa.

Mwanamize akatoka ndani amevaa kanga mpya. Akapiga goti mbele ya wakubwa.

"Shikamooni, wakubwa zangu. Karibuni mezani."

"Marahaba, mwanangu," alisema Tembo. "Lakini tumeshiba."

"Mie sukari mganga kanikataza," akasema Kiboko.

"Na mimi nina jino linaniuma," akasema Kifaru, yule aliyemaliza ukoko.

Watu wakaangaliana. Walijua kinachofuata, na shangazi mmoja akajifunika uso kwa kanga. Tembo alikuwa tayari amekohoa ili aseme lake.

"Siwalazimishi," alisema Mwanamize upesi. "Shibe haina mjadala. Ila nina shida moja, mnisaidie. Kipande cha kwanza cha mkate wa sinia ni cha mkubwa wa ukoo, ndivyo nilivyofundishwa nilipoolewa hapa. Kama hali, basi nitampelekea kwake. Niambieni tu nikipeleke kwa nani."

Hebu fikirini. Kama watatu wale wangejibu, "Mpelekee Tembo," Mwanamize angelala nje na wanawe siku ile ile. Yeye alilijua hilo. Alibaki amepiga goti, anatazama chini.

"Hilo nalo la kuuliza?" alisema Tembo. "Leta kwangu."

"Kwako?" Kiboko akageuka polepole. "Kwako kwa lipi? Mimi nimezaliwa mwaka wa gharika. Wewe ulikuwa hujazaliwa bado."

"Kuwahi kuzaliwa si ukubwa. Nani aliongoza mazishi hapa?"

"Uliongoza kwa kuwa mimi nilikuwa safarini."

"Nyamazeni nyote," alisema Kifaru. "Baba yenu alimwamkia baba yangu. Nani asiyejua?"

Sauti zikapanda. Tembo akapiga mguu chini, pu! Kiboko akaachama kinywa. Mambo ya ukoo yaliyofichwa miaka mingi yakatolewa nje mbele ya watoto, nani alibebwa mgongoni na nani, nani alimpa nani jina. Lilikuwa jambo la aibu, nami silirudii lote.

Ndipo Bi Kindi akasema kwa adabu kutoka pale alipokaa, "Samahani, wakubwa. Mimi mtu wa nje tu. Kwetu mkubwa hujulikana kwa kula, si kwa kubebewa sahani."

"Na huku vilevile," akasema Tembo. Akanyoosha mkonga, akamega robo nzima ya mkate, akaitia kinywani. "Haya, mkubwa amekula."

Kiboko hakuingoja itafunwe. Akavuta sinia, ng'wa! Nusu ikaondoka. "Mkubwa ndiye huyu."

Ikabaki robo moja. Kifaru aliitazama, na nawaambieni alikumbuka kiapo. Ilionekana usoni, maana alirudi nyuma hatua moja. Pengine angeondoka hivyo. Lakini Kiboko, akijifuta midomo, akamwambia, "Wewe subiri, mdogo wetu."

Mdogo. Mbele ya wake na wajukuu. Kifaru akakijia kile kipande kwa hasira, akakimeza hata kutafuna hakutafuna.

Sinia lilikuwa tupu. Maji ya chemchemi yalisikika yakitiririka.

"Tumefanya nini?" aliuliza Kifaru.

Shangazi yule aliyejifunika uso akafunua kanga, akasimama kwa shida, kwa kuwa alikuwa mzee, akasema, "Wamekula. Sote tumeona. Mwanamize, mwanangu, nyumba ni yako na wanao."

Tembo alifungua kinywa kusema, kikawa kimejaa mkate. Akakifunga tena. Kiboko akamlaumu Tembo, Tembo akamlaumu Kiboko, na Kifaru akaondoka peke yake bila kuaga.

Mwanamize alikuwa bado amepiga goti. Alilia sasa, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Wanawe wakaja wakamshika, mmoja huku, mmoja kule. Kisha akainuka, akaenda mezani, akafunua kawa moja moja, akawagawia watu wa ukoo visheti na kashata kwa mkono wake mwenyewe.

Anayegombea ukubwa husahau hata alichokijia.