Mawe Meupe ya Jumbe Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Itikieni kama watu mliokula. Na wewe uliyekaa upande wa moshi, usije ukasema hadithi yangu ndiyo iliyokuliza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama na watu wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na nchi iliyotoka vitani. Walipigana miaka saba, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza walikuwa wanagombania nini. Vita vilipokwisha, zahanati ilikuwa majivu, shule ilikuwa majivu, na daraja la Mto Kigwe, daraja lao pekee, lilikuwa limekatika. Mamba wa mto ule walikuwa wamenona kwa vita, wala hawakuona sababu ya kuhama.

Mtawala wa nchi alikuwa Jumbe Kiboko. Shingo hana, haya hana, tumbo analo. Wageni wa mbali walipowahurumia watu wale na kuanza kuleta misaada, Jumbe akaweka desturi: hakuna kazi itakayoanza bila jiwe la msingi. Sasa nchi ile ni tope tupu, hupati hata kokoto ya kumtupia kunguru. Kila jiwe ilibidi litoke mlimani, safari ya siku tatu, likisukumwa na Kifaru, ambaye hakuwahi kuambiwa hata ahsante. Na lisiwe jiwe dogo! Liwe na kimo cha ng'ombe, lipakwe chokaa, liandikwe jina, lisimamishwe ukingoni mwa mto wageni walione. Jumbe analifunua, watu wanapiga makofi, pilau linaliwa. Na kazi yenyewe? Kazi ndiyo hiyo, imekwisha.

Jiwe la Zahanati likasimama, zahanati hakuna. Jiwe la Shule likasimama, shule hakuna. Jiwe la Kinu likasimama, wanawake wakaendelea kutwanga. Mbuzi walifaidi, walipata pa kujikunia. Ukimwuliza Jumbe nchi yake ina shule ngapi, anatoka nje kuhesabu mawe! Na kuligusa jiwe la msingi ilikuwa marufuku. Ukiligusa wewe msaliti, unataka kuturudisha vitani. Watu wazima, wenye ndevu zao, waliliamini hilo.

Basi palikuwa na mkunga, Bi Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Alikuwa mkunga pekee aliyesalia, na alikaa ng'ambo hii. Binti yake Zawena alikuwa ameolewa ng'ambo ile. Tangu daraja likatike, wanawake wa ng'ambo ile walizaa bila mkunga, na watatu walikuwa wameshazikwa. Siku moja Zawena akaja ukingoni akapaza sauti:

"Mama! Nina mimba, mwezi wa saba!"

Bi Sikudhani akajifunga kanga. Akaenda kwa Jumbe. Akamkuta na mgeni, Korongo, aliyeleta nguzo.

"Hizi ni za daraja," akasema Korongo. "Zisimame pale kwenye kona ya mto, na daraja liitwe la Korongo."

"Nguzo bila mbao, nitapita wapi?" akauliza Bi Sikudhani.

"Bibi," akasema Jumbe Kiboko, "haya mambo ni ya kitaalamu."

Wakasimamisha jiwe. Wakapiga makofi. Wakala pilau. Nguzo zikafungiwa bohari.

Mwezi ukapita. Zawena akaja ukingoni. "Mama! Mwezi wa nane!"

Bi Sikudhani akaenda kwa Jumbe. Akamkuta na Heroe, miguu mirefu, manyoya mekundu, ameleta mbao.

"Hizi ni za daraja," akasema Heroe. "Zitandikwe kule chini, penye upepo mzuri, na daraja liitwe la Heroe. Nguzo za Korongo sizitaki, si za rangi yangu."

"Mbao bila nguzo, nitapita wapi?"

"Bibi, haya mambo ni ya kitaalamu."

Wakasimamisha jiwe. Wakapiga makofi. Wakala pilau. Mbao zikafungiwa bohari, na mchwa wakaanza kuzifanyia kazi, maana mchwa hawasubiri sherehe.

Mwezi ukapita. Zawena akaja ukingoni akijishika kiuno. "Mama! Mwezi wa tisa, na mawingu yanajikusanya!"

Bi Sikudhani akaenda mbio. Akamkuta Jumbe na Mwari, mdomo kama kikapu, ameleta kamba.

"Hizi ni za daraja," akasema Mwari. "Ila zifungwe kwa fundo la kwetu, na fundi wa fundo hilo atakuja mwakani."

Bi Sikudhani akashika kiuno. "Jumbe wangu, nguzo zipo, mbao zipo, kamba zipo. Vikiwekwa mahali pamoja kesho kutwa napita. Kinashindikana nini?"

"Bibi, haya mambo ni ya..."

"Ya kitaalamu, nimesikia! Mabwana hawa wanaruka, wewe unaogelea. Katika kikao chenu cha daraja, anayetembea kwa miguu ni nani?"

Jumbe akafikiri, na mkimjua mtajua ilivyomtaabisha. Kisha akatangaza kwamba ni kweli, madaraja matatu yanahitaji kuratibiwa, na kwa hiyo, baada ya jiwe la Mwari, litawekwa jiwe la nne, kubwa kuliko yote: Jiwe la Uratibu wa Madaraja. Ndege wakafurahi sana. Hapo ndipo walipokubaliana kwa mara ya kwanza.

Siku ya sherehe jukwaa likajengwa ukingoni. Jiwe limefunikwa shuka, pilau linachemka. Mvua ikaanza kunyunyiza. Jumbe hajamaliza hata kuwataja waheshimiwa, sauti za wanawake zikavuka mto:

"Bi Sikudhani! Uchungu umeshika! Mtoto amekaa vibaya!"

Watu wakageukia mto. Jumbe akaendelea kutaja waheshimiwa.

Bi Sikudhani akageuka, akamwona Kifaru amelala nyuma ya jukwaa, mabega yamechubuka.

"Kifaru mwanangu, mawe haya yote umeyaleta wewe?"

"Yote, mama. Ishirini, na hilo la shuka la ishirini na moja."

"Umeshaona hata moja likifanya kazi?"

"Nimeona mbuzi akijikuna."

"Basi inuka unisaidie. Msaliti niwe mimi."

Kifaru akainuka. Akalipiga pembe Jiwe la Zahanati, likabingirika, tumbwi! mtoni. Akalipiga Jiwe la Shule, tumbwi! Akalipiga Jiwe la Kinu, tumbwi! Watu wakashika vichwa, wakingoja vita virudi. Vita havikurudi. Walioona havikurudi wakaanza kusukuma nao, wakavimba misuli, wakasahau pilau, na mamba wakakimbia mvua ile ya mawe. Ishirini yakaingia, yakapangana kama meno mdomoni. Likabaki pengo moja, pana, katikati ya mto. Na ng'ambo ile Zawena anapiga kelele.

Kifaru akamtazama Bi Sikudhani. Bi Sikudhani akalitazama jukwaa.

"Hilo msiliguse!" Jumbe akabweka, akalikumbatia jiwe pamoja na shuka lake. "Hili ni jiwe la daraja!"

"Basi limefika," akasema Bi Sikudhani.

Kifaru akapiga pembe. Jumbe upande huu, shuka upande ule, jiwe tumbwi! likakaa penye pengo.

Bi Sikudhani akapandisha kanga akapita. Akakanyaga zahanati, akakanyaga shule, akakanyaga kinu, akakanyaga daraja la Korongo, la Heroe na la Mwari, na katikati ya mto akaukanyaga uratibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunufaika na vitu hivyo. Akafika, akanawa mikono, akamgeuza mtoto, akamtoa mzima. Zawena naye akapona.

Jumbe je? Msidhani aliona aibu. Aliwaambia ndege kwamba mawe yameibwa, kwa hiyo nchi imerudi nyuma kimaendeleo, na yanahitajika mengine. Ndege wakaona ni haki, wakaahidi. Mwaka uliofuata likaletwa jiwe jipya, la Hospitali Kuu. Watu wakaja wote na watoto wao, wakapiga makofi hata viganja vikawaka, na Jumbe akalia kwa furaha kuona anavyopendwa.

Wao walikuwa wakilipima jiwe kwa macho. Kusini ya nchi ile kuna mto mwingine, nao hauna kivuko.

Hadithi yangu imefika kikomo chake, nami nimefika changu. Aliye karibu na birika anipe chai.