Mfungwa Aliyesimama Zuliani

Hapo zamani, katika nchi ya Zingwara, alitawala Sultani mmoja jina lake Ghalibu. Hakuwa mkatili, na wala sisemi kwamba alikuwa mpumbavu. Ila tangu azaliwe hakuwa amengojeshwa mlangoni hata mara moja, basi akadhani milango yote ya dunia hujifungua yenyewe mtu akiikaribia.

Sultani huyu alijenga nyumba kubwa akaiita Diwani ya Huruma, ili iwasaidie raia wake waliofungwa katika nchi za watu. Ndani yake aliweka waandishi thelathini, wenye mito ya kuegemea na birika za sharubati, na juu ya mlango akaandikisha kwa wino wa dhahabu: Raia wa Zingwara hasahauliki popote alipo. Miaka kumi na miwili ikapita, na ikawa Diwani ile haijamrudisha nyumbani hata mtu mmoja. Waandishi lakini walinenepa vizuri.

Basi katika mji ule alikuwako mfua shaba aitwaye Mshamu, ambaye alikwenda nchi ya Kadhara kuuza madele, birika za shaba za kahawa. Alipoingia mjini alikuwa amevaa kilemba cha kijani, naye hakujua kuwa huko kijani ni rangi ya mfalme peke yake. Akakamatwa palepale sokoni, madele yake mkononi, akatiwa gerezani pamoja na Wazingwara wengine sita waliokuwa wametangulia kwa makosa ya namna hiyohiyo. Na desturi ya Kadhara ni kwamba mfungwa mgeni asiyedaiwa na mtawala wake hadi mwezi uandame huhesabiwa hana mwenyewe, naye hupelekwa machimbo ya mawe. Huko hakuna aliyerudi.

Habari zilipomfikia mkewe, Bi Zawena, pamoja na majina ya wale wenzake sita, zilikuwa zimebaki siku kumi na saba mwezi kuandama. Akaenda mbio hadi Diwani ya Huruma. Mwandishi mmoja akamsikiliza huku akitafuna kashata, kisha akasema, "Pole sana, bibi. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko gerezani Kadhara, bwana. Ndiyo nimekuambia sasa hivi."

"Basi na aje. Ombi hupokewa kwa mfungwa mwenyewe, siku ya Jumatatu, aje kwa miguu yake aombe kwa kinywa chake."

"Atakujaje naye amefungwa?"

"Hilo ni lake yeye na waliomfunga. Sisi tutajuaje kama kweli anataka kutoka?"

Bi Zawena akarudi akilia, akapita kwa jirani yake Chande, mshona mazulia, fukara asiyekuwa na kitu ila sindano zake na ulimi wake. Chande akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu, "Ulisema kilemba cha rangi gani?"

"Kijani, kaka Chande. Kijani kama cha Sultani wetu."

"Haya. Futa machozi, twende barazani."

Wakaenda, wakamkuta Sultani ameketi, kilemba chake cha kijani kimemzunguka kichwa kama kabichi, na Waziri Shekue yu mkono wake wa kulia. Chande akainama akasema, "Ewe Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Mume wa bibi huyu amefungwa Kadhara kwa ajili ya kilemba, na Diwani yako yasema aje mwenyewe aombe."

"Ndiyo sheria," akasema Sultani. "Na aliyekwenda nchi ya watu alipaswa kujua sheria za huko. Je, mimi nimwendee kila mtu kumfunga kilemba?"

Watu wa baraza wakacheka, maana yeye alikwisha kutabasamu.

"Umesema kweli, Bwana wangu," akasema Chande. "Na je, akija hapa mfungwa wa Kadhara, akaomba kwa kinywa chake mbele yako?"

Sultani akaona mzaha umemnogea, akainua mkono. "Naapa mbele ya baraza hili: siku nitakapomwona mfungwa wa Kadhara akiomba hapa, siku hiyohiyo nitawatoa wote walioko kule. Lakini usipomleta, ewe mshona mazulia, utachapwa viboko arobaini. Unataka muda gani?"

"Jumatatu hii ijayo yatosha."

"Mwendawazimu," akanong'ona Waziri Shekue. "Kadhara ni safari ya siku nane."

Lakini Chande alijua jambo ambalo fundi yeyote wa mazulia hulijua. Jumatatu ile alikuwa aje mjumbe wa mfalme wa Kadhara, na Chande ndiye aliyeitwa kutengeneza zulia lake, lililotangulizwa mjini nalo likachanika njiani. Maana katika nchi zile mbili, tangu enzi za mababu, zulia la mjumbe ni ardhi ya mfalme wake. Popote litandikwapo, hapo ndipo Kadhara. Askari wa Zingwara akilikanyaga, ni vita. Ila mwenyeji mwenyewe hupanda zuliani hatua tatu, bila walinzi, akamkumbatia mgeni, na hiyo ndiyo heshima kuu.

Jumatatu ikafika, na watu wakajaa barazani, Bi Zawena na waandishi thelathini miongoni mwao. Zulia likatandikwa katikati ya baraza, na Chande akapiga magoti pembeni yake akimalizia mshono. Mjumbe alikuwa mtu mkavu, asiyecheka, na nyuma yake alisimama karani anayeandika kila lisemwalo ili mfalme wao alisome. Sultani akashuka kitini, akapiga hatua tatu, akamkumbatia. Kisha macho yake yakamwangukia Chande.

"Ehe, bwana fundi! Yuko wapi mfungwa wako?"

Chande akasimama, akamgeukia mjumbe. "Bwana mjumbe, samahani kwa kuuliza. Hapa mliposimama wewe na Sultani ni nchi gani?"

"Ni Kadhara," akasema mjumbe.

"Na Kadhara, mtu asiye mfalme wenu akivaa kijani kichwani, hufanywaje?"

Vichwa vyote vikamgeukia Sultani. Mjumbe akakitazama kile kilemba ambacho wajumbe wote kabla yake walikuwa wamejitia kutokiona kwa sababu ya adabu. Lakini sasa neno lilikuwa limesemwa, na kalamu ya karani ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Hufungwa," akasema kwa huzuni. "Niwie radhi, Sultani. Usitoke zuliani. Ukitoka, itanibidi niandike kwamba mfungwa ametoroka, na mfalme wetu hufuata watoro wake kwa jeshi."

"Huu ni upuuzi! Mimi sikujua!" akapiga kelele Sultani. "Shekue! Nitoe hapa!"

Waziri akakimbia hadi ukingoni mwa zulia, akasimama ghafula, mguu mmoja hewani, akaurudisha nyuma polepole.

"Shekue, hunisikii? Naomba msaada!"

"Bwana wangu," akasema Chande, "mfungwa wa Kadhara ndiye huyo, amekuja kwa miguu yake, naye ameomba kwa kinywa chake. Waandishi wa Diwani wako pale. Kwa nini hawainuki?"

Watu wakawageukia wale waandishi thelathini. Wakatazamana. Mmoja, kwa mazoea tu, akauliza, "Ana mashahidi?"

Hapo baraza likaangua kicheko bila kungoja mtu yeyote atabasamu. Sultani akasimama katikati ya kicheko kile, jasho likimtiririka chini ya kilemba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajua mtu hujisikiaje anaposimama mbele ya watu wanaoweza kumsaidia nao hawanyanyui mkono.

"Mjumbe," akasema kwa sauti ndogo, "kwenu mfungwa hutokaje?"

"Ni jambo jepesi. Mtawala wake huandika mstari mmoja: Huyu ni wangu. Nasi humwachia. Miaka kumi na miwili tumengojea mstari huo kutoka kwako, haukuja. Tukadhani huwataki."

Sultani akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake: Hawa ni wangu, akafuatisha majina saba ambayo Bi Zawena alimtajia kutoka pale alipokuwa, kisha jina lake mwenyewe chini kabisa, mfungwa wa nane. Akapiga muhuri, mjumbe akasoma, akainama, na Sultani akashuka zuliani.

Akamwamuru Waziri amvike Chande joho la hariri. Akawaamuru waandishi waupeleke waraka Diwani, uandaliwe kwa utaratibu.

Lakini waraka haukuonekana. Bi Zawena alikuwa ameuchukua mkononi mwa mjumbe kabla wino haujakauka, na waandishi walipokuwa wangali wakibishana jinsi ya kuiandika siku ile katika kitabu cha Fadhila za Sultani, yeye alikwisha kupita lango la mji, viatu mkononi, akishika njia ya Kadhara. Na aliyenisimulia asema alirudi na watu saba, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepitia Diwani kutoa shukrani.

Hekaya yangu imefika mlangoni. Atakaye aingie nayo kwake.