Neno la Mlangoni

Hapo zamani, si ile ya mababu bali zamani ya juzi, wakati simu zilikuwepo na maharagwe ya bwaloni yalikuwa na wadudu kama ya leo, palikuwa na chuo kikuu kilichojaa vyama. Waliotoka milimani walikuwa na chama. Waliotoka ziwani walikuwa na chama. Waliotoka Pwani walikuwa na chama. Na karibu kila chama kilikuwa na chumba, na chumbani mna sufuria, mna mkeka, mna mtu wa kukuuliza kama umekula. Ukifiwa, chama kinakuchangia. Ukiugua, chama kinakupikia uji. Likizo ikifika, chama kinakodi basi hadi kwenu.

Na palikuwa na msichana aliyeitwa Chelangat, Mwogiek, wa kabila dogo la warina asali wa msitu wa Mau, ambaye hakuwa na chama, kwa sababu Mwogiek wa chuo kizima alikuwa yeye tu. Siku ya kwanza, mwenzake wa chumbani alimuuliza, "Ogiek ni kampuni ya nini?" Chelangat alicheka, maana kulia kungemchelewesha darasani. Lakini ilipofika Siku ya Tamaduni, mshereheshaji aliita kila kabila lisimame lishangiliwe. Aliita yote aliyoyajua, na Chelangat akabaki amekaa mpaka mwisho. Hilo hakulicheka.

Mwaka wa pili akasema, nitawatafuta wengine waliobaki wamekaa.

Akatafuta kwa macho. Bwaloni alimwona kijana aitwaye Lepalo, aliyejulikana na wote kuwa Msamburu, akila samaki. Alivuta mwiba mmoja, miiba yote ikafuata, nyama ikabaki nzima sahanini. Chelangat akaketi mbele yake.

"Ndugu, wafugaji ninaowajua mimi wakiletewa samaki husukuma sahani. Wewe umejifunzia wapi?"

Lepalo akatazama huku na huku. "Usiseme kwa sauti."

"Nisiseme nini?"

"Mimi ni wa El Molo. Kwetu ni Ziwa Turkana. Tu wachache kuliko nyavu zetu. Nikisema Msamburu, hakuna anayeuliza zaidi."

Wa kwanza huyo.

Akamwona Dahabo pia. Dahabo alikuwa wa Waata, watu wa porini nyuma ya Pwani, wawindaji wa tangu zamani. Alicheza ngoma mstari wa mbele katika chama kikubwa cha Pwani. Walimpenda kwa miguu yake, na walimwita kwa jina la utani ambalo watu wake hawalipendi. Chelangat alipomwendea, alijibiwa, "Mimi nina watu tayari, na nina kiti kwenye basi. Wewe una nini?"

"Nina ngazi za nyuma ya jiko. Tunakutana hapo."

Dahabo akacheka, akaenda zake. Siku nyingine akapita kwenye zile ngazi, akakaa kidogo. Akapita tena, akakaa zaidi. Kwa hiyo chama kikawa na watu wawili na nusu.

Kisha likatoka tangazo. Chumba kimoja kimebaki, kando ya maktaba. Katika vyama visivyo na chumba, kitakachoshinda Siku ya Tamaduni kwa salamu na wimbo wa kuitikiwa, kitakichukua. Na juu ya mlango litaandikwa neno moja la lugha ya wenyewe. Moja tu, maana mlango ni mmoja.

Tangu siku hiyo Chelangat alitembea kama anayekimbia. Alilijua neno atakaloliandika. Alilisema akifua, alilisema akipanga foleni ya chai. Waogiek wataandikwa mahali ambapo kila anayekwenda maktaba atasoma.

Wakakubaliana kuimba wimbo wa Lepalo, kwa kuwa ulikuwa mfupi. Maneno yake machache ndiyo yote aliyokuwa nayo ya lugha ya kwao. Bibi yake alimwachia hayo, kwani siku hizi nyumbani kwao wanazungumza Kisamburu. Na salamu itakuwa asali ya akina Chelangat. Wimbo waliufanyia mazoezi kwenye zile ngazi, hata Dahabo akiwepo. Asali hawakuifanyia, kwa sababu ilifika asubuhi ya siku yenyewe, kibuyu kizima, kutoka kwa baba yake.

Hapo ndipo palipoharibika.

Ukumbi umejaa hadi madirishani. Lepalo amesimama. Chelangat amesimama mkabala naye, kibuyu mikononi. Lepalo anakitazama kibuyu.

"Anza," Chelangat akanong'ona.

"Weka kibuyu chini. Bibi alinifunza kuwa wimbo huu hauanzwi mpaka mwitikiaji awe mikono mitupu. Mwenye kitu mkononi hapokei wimbo."

"Nyumbani kwetu asali haiwekwi chini kabla mkubwa hajaonja. Baba akisikia, sina pa kurudi."

"Basi mkubwa na aonje."

Mkubwa alikuwa Daktari Nthenya, mlezi wa wanafunzi na jaji mkuu. Akatikisa kichwa. "Jaji haonji kitu kabla ya wimbo kwisha. Kanuni ni kanuni, watoto wangu."

Wimbo unangoja mikono, mikono inangoja mkubwa, mkubwa anangoja wimbo. Ukumbi ukaanza kucheka. Mtu akasema kutoka nyuma, "Kabila la watu wawili, na tayari limegawanyika." Kibuyu kikaanza kumteleza Chelangat kwa jasho.

Dahabo alikuwa pembeni na wachezaji wa Pwani, amevaa shanga zao, maana wao ndio waliofuata. Kiongozi wao akamshika mkono. "Ukivuka, usirudi. Na lile basi la likizo, lisahau."

Dahabo akavua shanga, akamwekea kiganjani. Akaivuka sakafu yote, watu wakimtazama, akasimama mbele ya Lepalo, akafungua mikono.

Lepalo akaimba. Dahabo akaitikia. Akaimba tena, safu ya mbele ikaitikia, maana maneno yalikuwa machache na kila mtu alishayashika. Akaimba tena, na ukumbi mzima ukaitikia, hata waliokuwa wakicheka, hata waliokuwa madirishani, miguu ikipiga sakafu hadi vumbi likashuka darini. Lugha ambayo asubuhi ile ilijulikana na mtu mmoja chuoni, sasa iliimbwa na chuo.

Wimbo ukaisha. Daktari Nthenya akaonja asali, akafumba macho, akaonja tena, akasahau kumpitishia jaji mwenzake kijiko. Kisha, kwa kuwa vyama vingine visivyo na chumba vilikwisha kuimba, akasimama. "Chumba ni chao."

Wakakimbia. Wakamkuta Fundi Oloo, mpaka rangi wa chuo, mlangoni, rangi nyeupe mkononi, brashi imeshachovywa.

"Haya, neno gani?"

Wakafungua vinywa wote watatu, yakatoka maneno matatu.

"Moja," akasema fundi. "Na nina milango ya vyoo inaningoja."

"Basi tuandike la Kiswahili," akasema Dahabo.

"Kiswahili kina milango yote," akasema Lepalo.

Chelangat akasema, "Nani aliwatafuta? Lepalo, ungekuwa Msamburu wa uongo mpaka leo, unakula samaki umejificha. Dahabo, ungekuwa bado unaitikia lile jina la utani. Na hiyo asali mnayolamba vidoleni ni ya nani? Bila mimi hakuna chama, hakuna chumba. Neno liwe la kwetu."

Lepalo akasema, "Dada, ulitukusanya, sikatai. Lakini ukumbi uliinuka kwa wimbo. Nyinyi mkipiga simu nyumbani, mtajibiwa kwa lugha zenu. Mimi nilikuwa na maneno yale tu, nikawagawia watu wote. Kesho watayasahau. Neno liwe la kwetu."

Dahabo akasema, "Wewe uliyagawa, na bado unayo. Chelangat, mizinga ya baba yako bado ina nyuki. Mimi nilichotoa hakirudi. Likizo ikifika nitasimama getini nikiangalia basi likitoka. Bila mikono hii mngekuwa pale hadi sasa, mmoja na kibuyu, mwingine na wimbo wake. Neno liwe la kwetu."

"Ulikuja mwisho," akasema Chelangat.

"Mwenye ndoo akija mwisho, moto si unazimika?"

Fundi Oloo akamgeukia Chelangat. "Mwenyekiti ni wewe. Sema."

Chelangat akautazama mlango. Akitaja la kwao, watasema aliwakusanya ili apate ngazi ya kupandia. Akitaja la Lepalo, Dahabo hana basi na hana neno. Akitaja la Dahabo, maneno ya bibi yake Lepalo yatarudi kooni. Na akinyamaza, basi atakuwa amebaki amekaa tena.

Brashi imeinuliwa, rangi inadondokea kiatu cha fundi. Haya, nyinyi mliosikiliza, msitazamane. Kuna aliyetafuta, kuna aliyeimba, kuna aliyevuka. Neno ni moja. Je, liandikwe la nani?