Ufunguo wa Pikapu ya Bibi Nakundwa

Wenzangu, leo sikuja na hadithi ya kubembelezea usingizi. Nimekuja na kesi. Sisi watu wa milima ya Upare tunasemwa kwamba mtu wetu atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi sikatai, maana kuku naye ana mwenyewe. Lakini kesi hii imenishinda. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, kwa sababu mwishoni nitamuuliza kila mmoja wenu, na sitakubali jibu la "hata mimi sijui".

Palikuwa na mjane mmoja, Bibi Nakundwa, mkulima wa tangawizi. Marehemu mumewe, Mzee Kadeghe, alimwachia pikapu kuukuu iliyotembea mpaka zile namba za kuhesabu kilomita zikachoka na kusimama. Hilo ndilo lilikuwa gari pekee kijijini kwao. Liliteremsha tangawizi ya watu wote kwenda sokoni Same, na likateremsha wagonjwa na wajawazito. Siku likifa, mgonjwa angerudi kubebwa kwa machela kama enzi za mababu, na wengine wangefia njiani. Kila mtu alilijua hilo.

Mzee Kadeghe hakuwaamini mafundi. Alitoboa boneti akaitia kufuli, kufuli la kweli kama la mlango wa ghala. Alipofariki, Bibi alirithi kufuli na tabia yake. Boneti ikifunguliwa, yeye huleta kigoda chake, akaketi kando ya tairi na kuangalia mikono ya fundi. "Uso wa mtu hudanganya," alikuwa akisema. "Mkono ukiingia mfukoni unauona."

Na Mzee alikuwa na ubahili mmoja ambao ndio uliozaa haya yote. Hakupata kumwaga oili. Ikipungua, anaongeza. Ukimwambia abadilishe, anakuuliza, "Hiyo iliyomo ndani imekukosea nini?" Basi akaongeza na kuongeza miaka yote ya uhai wake, na humo ndani uchafu ukawa unajengeka taratibu.

Bibi alikuwa na wajukuu watatu wakubwa, na kila mmoja alizaliwa na kitu chake.

Mbonea alikuwa na sikio. Akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anakwambia ni chuma gani kinalalamika.

Navoneiwa, dada yake kwa baba mdogo, alikuwa na pua. Akifungua kizibo cha chupa, kabla hajaisogeza karibu, amekwisha kujua kama ni oili halisi au ni ya kuchakachua.

Kajiru, mtoto wa shangazi yao, alikuwa na vidole. Angeweza kufumba macho, akapitisha kidole mahali ambapo jicho halifiki, akakueleza kilichomo kama anayekisoma.

Walipendana? Mbele ya watu, ndiyo. Walikula sahani moja, lakini kila mmoja alikuwa akiangalia nyama ya mwenzake.

Siku moja baada ya ibada Bibi aliwakusanya. "Magoti yamekataa mlima," akasema. "Mama mdogo wenu wa Moshi anakuja kunichukua. Gari halitavuka kwenda huko, litabaki hapa kwa ajili ya watu. Lakini linakohoa, linatoa moshi, mlima halipandi tena na mzigo. Atakayelipandisha Kona ya Ndama likiwa na magunia, huyo nitamkabidhi ufunguo. Mmoja. Sitaki gari la watu watatu, maana gari la watu watatu hufa na kila mtu akidhani mwenzake ametia maji."

Wakaitika wote kwa pamoja, "Sawa, Bibi." Mimi watu wakiitika kwa pamoja namna hiyo huwa nashika mfuko wangu.

Mbonea ndiye aliyeanza. Bibi alifungua kufuli, akaketi kwenye kigoda. Mbonea akawasha injini, akaweka bisibisi, akasikiliza huku amekunja uso. "Bibi, unasikia ile tik-tik-tik huku juu? Oili haifiki. Njia zake zimezibwa na uchafu wa Babu. Tukiliacha hivi, vyuma vya juu vitasagana mpaka vife. Linahitaji dawa ya kusafisha. Inatiwa ndani ya oili ya zamani, injini inaunguruma gari likiwa limesimama, halafu tunamwaga kila kitu, tunatia oili mpya na filta mpya." Kama si sikio lake, wangeendelea kulipiga gari teke wakidhani ni uvivu. Akatoa chupa aliyokwisha kuinunua mnadani kwa mchuuzi wa dawa za magari. Ilikuwa na picha ya simba.

Navoneiwa akafuata. Alimwacha Mbonea afungue kizibo, ameinamia injini, mkono umeinuka tayari kumimina, ndipo akasema, "Simama hapohapo." Akaichukua chupa, akaipitisha chini ya pua, akampa Bibi anuse. "Hii si dawa. Ni mafuta ya taa yaliyotiwa rangi na kitu kinachokula mipira. Ukiitia humu, kesho unaliuza kwa kilo." Bibi akainusa, akakunja pua, akaimwaga shimoni. Navoneiwa akashuka hadi duka la spea, akanusa chupa moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akakasirika, akarudi na dawa ya kweli. Kama si pua yake, injini ingekufa siku ile ile, mbele ya kigoda.

Wakatia dawa, injini ikaunguruma, wakamwaga. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, kinashuka kwa mabonge. Wakatia oili mpya na filta mpya. Mlio wa juu ukanyamaza. Mbonea akacheka, akaomba magunia yapakiwe mara moja.

Kajiru akamalizia. Kesho yake asubuhi waliianza Kona ya Ndama, Mbonea akiwa kwenye usukani, Kajiru katikati, Bibi dirishani, Navoneiwa nyuma juu ya magunia ya tangawizi. Gari lilipanda vizuri mpaka katikati ya mlima, pale penye bonde kushoto. Hapo taa nyekundu ya oili ikawaka. "Twende tu," Mbonea akasema, "tumebakiza kidogo." Kajiru hakumjibu. Alinyoosha mkono, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akamwambia Navoneiwa aweke mawe kwenye matairi.

Akaingia uvunguni. Akafungua sampo, lile bakuli la chini ambamo oili hukaa, akapenyeza vidole mpaka kwenye chujio la ndani, si ile filta waliyobadilisha. Dawa ilikuwa imebandua uchafu wa miaka yote, na ule ambao haukumwagika ulikuwa umekwenda kukaa kwenye chujio, umeliziba kama uji wa ulezi uliolala. Injini ilikuwa inanyonya na haipati kitu. Wangekwenda mbele kidogo tu, ingejikaba. Kajiru akaosha chujio, akasugua sampo, akairudisha kwa gundi yake, wakasubiri ikauke, akamimina oili mpya. Kama si vidole vyake, gari lingefia pale pale kwenye kona.

Likawaka. Taa ikazimika. Likapanda Kona ya Ndama na magunia yote, likafika juu, na watu waliokuwa mashambani wakapiga vigelegele.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. "Ufunguo ni wangu," Mbonea akasema. "Nisingesikia ugonjwa, mngetibu nini?" Navoneiwa akadakia, "Ulisikia ugonjwa ukaleta sumu. Ni wangu." Kajiru akafuta mikono taratibu. "Nyie wawili mlikuwa mnalizika. Mimi nimelitoa kaburini."

Bibi alikuwa bado amekaa ndani ya gari. Hakuangalia nyuso zao. Aliangalia mikono ya Kajiru.

"Kajiru, mjukuu wangu. Ile gundi ya sampo umeitoa wapi?"

"Mfukoni, Bibi."

"Na spana ya kufungulia? Na lile galoni la oili lililokuwa chini ya kiti?"

Kajiru akaificha mikono nyuma.

"Mtu anayekwenda kujaribu gari zima habebi gundi ya sampo," Bibi akasema. "Ulijua lini?"

Kajiru akakiri kwamba siku ile walipotia dawa alipenyeza kidole kwenye tundu la kumiminia oili, akaukuta uchafu mzito pembeni, akajua dawa itaubandua nao utaziba chujio. "Lakini Bibi, ningesema, ungekataa wasisafishe, na ule mlio wa juu ungeliua gari hivyo hivyo. Nikaona bora nijiandae." Halafu akageuka kwa hasira. "Mbona unaniuliza mimi peke yangu? Muulize Navoneiwa alikuwa wapi chupa ya simba iliponunuliwa!"

Navoneiwa alikuwa mnadani. Alisimama nyuma ya Mbonea, akaona chupa inanunuliwa, na mchuuzi alipofungua kizibo kuionyesha, harufu akaipata pale pale. Hakusema kitu mpaka kizibo kilipofunguliwa mbele ya Bibi. "Ningesema mnadani angesema nina wivu," akajitetea. "Nani huamini pua ya mwanamke mpaka chupa iwe mbele yake? Nilikuwa nimeukaribia mkono wake, isingemwagika hata tone." Naye akamgeukia kaka yake. "Na wewe sikio, sema. Huo mlio umeanza kuusikia lini?"

Mbonea aliinamisha kichwa. Aliusikia tangu Kwaresima, siku alipomwendesha Bibi kwenda kanisani. Ulikuwa mdogo wakati ule, na oili mpya tu, ikibadilishwa mara kwa mara, pengine ingeutoa uchafu polepole bila dawa wala hatari. "Sikuwa na hakika," akasema. "Sikio nalo linahitaji muda. Ningemtia Bibi hofu bure." Lakini hakika ilimjia siku ile ile zawadi ilipotangazwa. Mimi hilo lanitia shaka, ninyi mnaonaje?

Ndugu zangu, Bibi Nakundwa alilia. Hakuwa mtu wa kulia, hata msibani kwa mumewe alisimamia chakula. Siku ile alilia mbele ya wajukuu na magunia ya tangawizi.

"Wote mmeniokolea gari," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Navoneiwa, wewe ulikuwa umekaa huko nyuma juu ya magunia. Mbonea ameshika usukani. Mimi niko dirishani upande wa bonde. Na Kajiru katikati yetu anajua, anangoja taa iwake."

Kajiru alitaka kumshika mkono, Bibi akauondoa.

Sasa sikilizeni, maana hapa hadithi yangu inaishia na kazi yenu inaanza. Kesho yake mama mdogo wa Moshi alifika na nguo za Bibi zikafungwa. Gari limesimama uani, zima, na mama mmoja mjamzito wa jirani amekwisha kuuliza nani ataliendesha siku yake ikifika. Bibi ameketi kitandani, ufunguo umo kiganjani. Nje wamesimama watatu, na kila mmoja ana hoja isiyopingika na aibu isiyofichika.

Aliyesikia alichelewa kusema, na bila yeye ugonjwa usingejulikana. Aliyenusa alinyamaza mpaka awepo wa kumshangilia, na bila yeye gari lingenyweshwa sumu. Aliyegusa alimpandisha bibi yake mlimani akijua, na bila yeye gari lisingeshuka tena.

Msiniambie wagawane, Bibi amekwisha kukataa. Msiniambie apewe mgeni, kijijini hapana mwingine anayeliweza. Na Bibi akiondoka na ufunguo kwa uchungu wake, yule mjamzito atashuka kwa machela.

Mama mdogo anaita nje, basi halisubiri. Bibi ananyanyuka, anafungua mlango, anawaona wote watatu wamenyoosha mikono.

Je, wewe ungeuweka ufunguo katika mkono upi?